Bunduki Fupi Katika Nchi ya Dubu



Kila kazi ina hatari zake, na kila hatari ina kifaa chake cha kujikinga. Anayechomelea vyuma hupewa miwani na glavu. Anayenyunyiza dawa shambani hupewa viatu vya mpira na kitambaa cha kufunika pua, na asipopewa, chama huuliza kwa nini. Lakini wako wafanyakazi wenzetu ambao kifaa chao cha kujikinga ni bunduki, nao huibeba kutwa nzima wakiwa kazini. Hao si askari wala wawindaji. Ni wapima ardhi, wachunguzi wa mawe na madini, wahesabu samaki wa mitoni na wakata njia za msituni katika Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini ya mbali, ambako mtu anayekwenda kwa miguu anaweza kukutana na dubu.

Katika makala hii tutaeleza jinsi wafanyakazi hao, na watu wengine wanaotembea kwa miguu katika nchi hiyo, wanavyochagua bunduki fupi ya kujikinga. Swali la bunduki gani ifaayo lina jibu lake. Ila tutaona kwamba jibu hilo peke yake halimwokoi mtu.

DUBU NI MNYAMA GANI

Katika nchi zetu dubu hayuko, kwa hiyo inafaa kumweleza kidogo. Alaska ni kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa, lakini watu wake hawafiki milioni moja. Kwa makisio wamo dubu wa kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi wapatao 100,000. Kaskazini kabisa, kwenye barafu, wako pia dubu weupe. Dume mkubwa wa kahawia anayekula samaki wa pwani huweza kupita kilo 450, yaani uzito wa magunia manne na nusu ya mahindi.

Uzito huo haumfanyi awe mzito wa mwendo. Dubu hukimbia kufikia kilomita 50 kwa saa, na kidogo zaidi. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Akitokea kichakani mita 30 kutoka ulipo, akaamua kukujia, una sekunde mbili hivi. Ndugu msomaji, iweke hesabu hiyo ya sekunde mbili akilini, maana yote yatakayofuata yanaitegemea.

Tuseme pia kwa haki kwamba dubu wengi hawataki ugomvi na mtu. Wakisikia sauti huondoka. Wengi wanaokuja mbio husimama njiani na kugeuka, kwa sababu wametaka kutisha tu. Hatari kubwa huwa kwa dubu aliyeshtuliwa karibu, mama aliye na watoto, dubu anayelinda mzoga, na yule adimu anayemwona mtu kuwa chakula.

YALIYOMPATA MFANYAKAZI MMOJA MWAKA 1977

Mwezi Agosti 1977, Cynthia Dusel-Bacon, mtaalamu wa miamba katika idara ya serikali ya Marekani ya uchunguzi wa ardhi, alishushwa na helikopta milimani upande wa kusini-mashariki ya mji wa Fairbanks. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye mgongo wa mlima, kupasua mawe na kuandika aliyoyaona. Alikuwa peke yake, wala hakuwa na silaha. Dubu mweusi aliinuka vichakani mita chache tu mbele yake. Alipiga kelele na kupiga makofi kama alivyofundishwa. Dubu hakuondoka. Alimwangusha, akamng'ata na kumburura.

Kilichomwokoa kilikuwa redio ndogo iliyokuwa katika mkoba wake. Aliweza kuifikia na kuita msaada, na helikopta ikaja. Alipona, lakini alipoteza mikono yote miwili. Baadaye alirudi kazini na kuendelea na uchunguzi wa miamba kwa miaka mingi.

Habari hiyo ilisikika kote Marekani na iliwafanya watu wengi kuuliza: mfanyakazi anayepelekwa mahali kama hapo apewe nini mkononi?

UCHUNGUZI WA 1983

Mwaka 1983 wachunguzi wawili wa idara ya misitu ya Marekani, William Meehan na John Thilenius, walitoa taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi katika nchi ya dubu. Walipima bunduki na risasi za aina mbalimbali kwa umbali mfupi, kwa sababu mtu anayejikinga hapigi dubu aliye mbali.

Matokeo yao yanakumbukwa hadi leo. Bunduki kubwa za kuwindia, zile tunazoziita raifali, zenye risasi nzito, ndizo zilizoongoza. Bastola, hata zile kali, zilikuwa dhaifu. Bunduki ya marisau, ambayo wengi wetu twaiita shotigani, ilionekana kufaa kama ikitiwa risasi moja nzito badala ya marisau.

Kwa nini basi wengi huchagua shotigani, ikiwa raifali kubwa ina nguvu zaidi? Kwanza, bei yake ni ndogo. Pili, ni kifaa kigumu kinachostahimili mvua, tope na baridi. Tatu, raifali kubwa hupiga bega kwa kishindo ambacho asiyezoea hukiogopa, na anayeiogopa bunduki yake hafanyi mazoezi nayo. Shotigani nayo hupiga bega, lakini mtu hujifunza kwa risasi nyepesi kwanza, kisha akapanda polepole.

Inayotumika zaidi ni ya geji 12. Maana ya namba hiyo ni ya kizamani: ratili moja ya risasi, ikigawanywa kuwa vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge hutosha ndani ya mtutu. Upana wake ni milimita 18.5 hivi.

FUPISHA MTUTU, USIFUPISHE BEGA

Shotigani ya kuwindia ndege huwa na mtutu wa inchi 28, yaani sentimita 71. Bunduki hiyo ndefu hunasa matawi, hugonga mlango wa helikopta, na katika kichaka kizito haigeuki upesi. Kwa hiyo anayejikinga na dubu hutaka mtutu wa inchi 18 hadi 20, sentimita 46 hadi 51. Kwa umbali wa mita 10 au 15 mtutu huo haupotezi kitu cha maana.

Hapa wengi hukosea. Wakishafupisha mtutu, huona ni vyema waondoe na kitako, waweke kishikio kifupi kama cha bastola. Bunduki ya inchi 18 yenye kitako kamili ina urefu wa mita moja kasoro kidogo. Ya kishikio ina sentimita 73 hivi, huingia katika mkoba, na dukani hupendeza macho. Lakini haina mahali pa kuegemea. Mtu huifyatua kutoka kiunoni bila kulenga, na kishindo chote humwishia kwenye kifundo cha mkono. Sentimita 25 zilizookolewa zimemgharimu shabaha yake, naye ana sekunde mbili tu.

Kitako kibaki, ila kiwe cha kipimo cha mtu mwenyewe. Kipimo cha zamani ni hiki: kunja mkono, weka mwisho wa kitako kwenye kiwiko, kisha uone kama kidole kinafika vizuri kwenye kifyatulio. Mtu mfupi, na mtu yeyote aliyevaa koti nene la baridi, anahitaji kitako kifupi kidogo. Bunduki nyingi za kampuni hununuliwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, kisha hupewa kila mtu, mwanamke kwa mwanamume. Ni sawa na kumpa mfanyakazi viatu visivyomtosha.

Juu ya mtutu pawe na alama ya kulengea iliyo kubwa na rahisi kuonekana. Taa, mifuko na mapambo mengine huongeza uzito tu. Bunduki tupu ya aina hii ina kilo tatu hivi, na kila gramu inayoongezwa huhisiwa saa nane za kutembea.

MTAMBO UPI

Kuna mitambo mitatu ya kuchagua.

1. Mitutu miwili. Bunduki hii haina mtambo mrefu nyuma ya mtutu, kwa hiyo kwa mtutu wa urefu uleule huwa fupi kuliko nyingine. Ni rahisi kuelewa, na haina mengi ya kuharibika. Upungufu wake ni kwamba ina risasi mbili tu, basi.

2. Ya kuvuta kwa mkono. Mpini ulio chini ya mtutu huvutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hubeba risasi nne au tano katika bomba lililo chini ya mtutu. Haichagui risasi, na hufanya kazi hata ikichafuka. Remington 870, iliyoanza mwaka 1950, na Mossberg 500, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni za aina hii, nazo zimetengenezwa kwa mamilioni. Tofauti yao moja ina maana kwa mfanyakazi: kitufe cha usalama cha Remington kiko nyuma ya kifyatulio, na cha Mossberg kiko juu, chini ya kidole gumba, kwa hiyo anayetumia mkono wa kushoto hapati taabu.

3. Inayojijaza yenyewe. Hii ni ya haraka zaidi, lakini inataka usafi, inachagua risasi, na mafuta mazito yakiganda kwa baridi huweza kukwama.

Wengi huchagua ya pili. Lakini wajue kosa lake kubwa: mtu mwenye hofu huvuta mpini nusu, asifikishe mwisho. Risasi mpya haiingii, naye hufyatua bunduki tupu. Kosa hilo halitibiwi na fundi wa bunduki. Hutibiwa na mazoezi.

RISASI MOJA NZITO, SI MARISAU

Marisau madogo ya ndege hayafai kabisa kwa dubu. Hata marisau makubwa, yale ambayo tisa hujaa katika risasi moja ya kawaida, hayafai. Kila kimoja kina gramu tatu na nusu tu, hutawanyika, na huishia katika manyoya, mafuta na misuli. Risasi moja ya shotigani ina gramu 28 au zaidi, na yote huingia mahali pamoja.

Risasi hizo nazo si sawa. Zile za risasi laini zenye tundu nyuma, zilizobuniwa na Mmarekani Karl Foster mwaka 1931, hupanuka upesi na kusimama mapema. Zile ngumu, za namna iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Brenneke mwaka 1898, huingia ndani zaidi. Kwa dubu kinachotakiwa ni kuingia ndani, kupita mfupa na kufika kwenye moyo na mapafu.

Wengine hupanga risasi mchanganyiko ndani ya bunduki, ya kwanza iwe ya kishindo cha kutisha, na zinazofuata ziwe za kuua. Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Katika hofu mtu husahau hesabu, na risasi ya kishindo ikipasukia nyuma ya dubu humkimbiza kuelekea kwa mtu. Ni afadhali bunduki iwe na risasi ya aina moja, na kitu cha kutishia kiwe mbali nayo.

KUIBEBA

Hapa ndipo bunduki nyingi zinaposhindwa kazi. Bunduki iliyofungwa nyuma ya mkoba, au iliyoachwa kambini kwa sababu ni nzito, haina tofauti na bunduki iliyo dukani. Vilevile bunduki iliyoegemezwa kwenye mti hatua 20 kutoka mahali unapochimba mawe. Zikumbuke zile sekunde mbili.

Ufupi una faida hapa. Bunduki fupi huweza kuning'inia kifuani kwa mkanda mpana, mikono miwili ikabaki huru kufanya kazi. Risasi huwa katika bomba, na chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, huachwa tupu. Hivyo mtu akianguka kwenye mawe hatampiga mwenzake. Ndani ya helikopta au gari bunduki hutolewa risasi zote. Wengi zaidi wanaweza kuumizwa na ajali ya bunduki kuliko na dubu, ikiwa sheria hizo zitadharauliwa.

BUNDUKI SI HIRIZI

Mwaka 2012 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa mikasa 269 ya watu wenye bunduki na dubu katika Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Bunduki ndefu ziliwazuia dubu mara 76 katika kila 100, na bastola mara 84. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kutuonyesha kwamba nguvu ya risasi si kila kitu. Bastola ni dhaifu, lakini iko kiunoni.

Tena wachunguzi hao waliona kwamba waliotumia bunduki na waliokuwa nayo wasiitumie hawakutofautiana sana kwa kuumia. Waliposhindwa, sababu kubwa ilikuwa kukosa muda. Nyingine zilikuwa bunduki kukwama, dubu kuwa karibu mno, kukosa shabaha, na kitufe cha usalama kutofunguliwa mapema. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoondolewa kwa kununua bunduki ya bei kubwa.

Miaka minne kabla, mwaka 2008, walikuwa wametoa uchunguzi juu ya kopo la pilipili ya kupuliza, ambalo mtu hulivaa kiunoni. Katika mikasa 83 ya Alaska, kuanzia 1985 hadi 2006, pilipili iliwazuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100, na weusi mara 90. Katika watu waliokuwa nayo dubu akiwa karibu, 98 katika kila 100 hawakuumia. Kopo hilo ni jepesi, halitaki shabaha ya fundi, na likipulizwa kwa makosa halimuui mtu. Upungufu wake ni kwamba hufika mita chache tu, na upepo mkali huweza kulirudisha kwa mwenye kulipuliza.

Kwa hiyo wenye busara hawaulizi bunduki au pilipili. Katika kundi la watu wanne, kila mmoja huwa na kopo lake, na yule aliyefunzwa vizuri hubeba bunduki.

SHERIA

Sheria ya Marekani haimruhusu mtu kuwa na shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, au urefu wote chini ya inchi 26, bila kuiandikisha serikalini. Kwa hiyo anayechukua msumeno na kukata mtutu nyumbani hufanya kosa kubwa la jinai. Kanada pia hukataza mtutu uliokatwa ukapungua milimita 457. Anayetaka mtutu mfupi hununua uliotengenezwa hivyo kiwandani, kwa kipimo cha sheria.

Katika Alaska mtu ana ruhusa ya kumuua dubu ili kuokoa maisha, ikiwa hakumchokoza na hakuwa na njia nyingine. Lakini baada ya hapo lazima atoe taarifa, amchune, na ngozi pamoja na kucha na fuvu azikabidhi kwa serikali. Dubu haui mtu bure, wala hauawi bure.

NANI ANALIPA

Sheria ya Marekani ya usalama kazini ya mwaka 1970 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mahali pa kazi pasipo na hatari zinazojulikana za kuua au kudhuru sana. Katika Alaska hakuna mwajiri anayeweza kusema hakujua kuwa dubu wako. Idara za serikali zinazopeleka watu porini huko hazimpi mtu bunduki ya dubu mpaka apate mafunzo na kupimwa shabaha. Muda huo wa mafunzo ni muda wa kazi, na risasi za mazoezi ni gharama ya kazi, kama ilivyo sabuni ya karakana.

Basi mfanyakazi anayetumwa katika nchi ya dubu ana haki ya kuuliza haya kabla hajaondoka:

(a) Je, nitakwenda na mwenzangu, au peke yangu?

(b) Je, redio iko mwilini mwangu, na yuko mtu anayesikiliza upande wa pili?

(c) Je, kila mmoja wetu ana kopo la pilipili ambalo halijapitwa na muda?

(d) Je, bunduki inanitosha begani, na ina risasi nzito za aina moja?

(e) Je, nimeifyatua bunduki hii hii, kwa risasi hizi hizi, mpaka mikono yangu inaijua?

(f) Nikiona mahali hapafai, naweza kurudi bila kufukuzwa kazi?

Mwenzetu wa 1977 alikuwa na jibu zuri kwa swali moja tu, lile la redio, nalo ndilo lililomrudisha hai.

Sisi hatuna dubu. Lakini wako kati yetu walinzi wa usiku wa mashamba na maghala, wanaokabidhiwa bunduki ya zamani na risasi tatu, wakaambiwa walinde mpaka asubuhi, bila kufundishwa hata siku moja. Maswali ya Alaska yanawahusu na wao. Kifaa cha kujikinga ambacho mtu hakufunzwa kukitumia ni mzigo begani mwake, na anayemkabidhi hajatimiza wajibu wake.